Ndoo moja juu ya baraza

Shoga, uko wapi?? Nimeshuka kwenye ngazi sasa hivi.

Unavijua vile vigae vyangu vya lami, vile kaka yangu anaviita "karatasi"? Leo fundi aliyeletwa na huyo huyo kaka kaanza kuezeka baraza. Kaanzia JUU. Kila safu ya chini imelalia ya juu yake!

Nikamwambia, fundi, vigae huanzia chini ukingoni, safu ya juu ndiyo ilalie ya chini, la sivyo maji yataingia. Akacheka. Kaka akadakia, "Mdogo wangu, wewe kachague mapazia, paa tuachie wanaume."

Mapazia! Mimi! Niliyesoma maelekezo ya vigae wiki nzima mpaka nikayaota!

Nikakunja gauni, nikajaza ndoo maji, nikapanda. Mama anapiga kelele nishuke, presha inampanda. Majirani wamejaa ukutani. Kaka akaenda kusimama chini ya baraza, mikono kiunoni: "Haya mwaga, tuone!"

"Haya mwaga." Kasema mwenyewe, shoga. Kwa mdomo wake.

Nikamwaga.

Maji yalipenya vigaeni yakamlowesha mpaka soksi!!

Fundi kashika kichwa. Kaka anachuruzika tu. Mama ndiye aliyesema, "Bandueni vyote."

Sasa wanaanza upya, kutoka chini, na mimi nimeweka kiti uani nawasimamia. Kaka kaja kwa upole kuniomba taulo.

Nimempa pazia.