Kaka, gari la baba halitanyanyuliwa tena

Mpendwa kaka,

Naandika hadharani kwa sababu nikikupigia unakata, na tukikutana hunikatiza. Ujumbe wako nimeupata, kwamba Krismasi unakuja Kibondo na unataka ulikute gari la marehemu baba limenyanyuliwa kama ulivyoliacha. Niliusoma ofisini hapa Kasulu. Bado nakuogopa, kaka. Kukuheshimu ndiko kulikoisha.

Unakumbuka ulivyoliona aibu? Gari lililotupeleka kanisani utoto mzima, wewe ukasema linatambaa kama kobe. Ukamwagiza fundi wako apachike vipande vya mpira juu ya springi ili liinuke, kisha ukapiga picha umeegemea boneti kama mkuu wa msafara.

Na ule mteremko wa Busunzu baada ya mvua, unaukumbuka? Mama nyuma amepakata kapu la maharage, mimi mbele. Nikakuambia, "Kaka, linayumba, punguza mwendo." Ukacheka: "We karani, kaa na mihuri yako." Kwenye kona likateleza, nikapiga kelele, tukaingia mtaroni. Mama akateguka bega. Wewe ulitoka wa kwanza, ukafuta viatu kwa majani, ukawaambia wakulima waliokuja kutuvuta, "Huyu mdogo wangu kanishtua na makelele yake."

Mzee mmoja akauliza, "Na kona nayo ilishtuka?"

Walicheka wote isipokuwa wewe. Ulidandia lori la kwanza lililopita, ukatuacha pale na mama ameshika bega.

Cha kusikitisha, nilikuamini. Nilikwepa hata kuligusa lile gari, nikidhani kelele zangu ndizo zilizomuumiza mama. Mpaka fundi wa hapa alipofungua tairi. Shokapu imepinda, bushi zimechanika, springi imechomoka pale ilipokalia mpira wako. Akaunyanyua ule mpira, akauliza, "Dada, nani alimvisha mzee wa watu viatu vya mchuchumio? Gari likisimama juu hivi, kwenye maji linapepesuka tu."

Nikasema ni kaka yangu wa Dar. Akacheka mpaka akaangusha spana. Huyo ndiye wewe, kaka: mwanamume mzima anayetafuta urefu kwa vipande vya mpira.

Tumefunga shokapu mpya, mipira nimeitoa. Mmoja unazuia mlango wa ofisi usibamizwe na upepo. Ndiyo kazi pekee ambayo mpira huo umewahi kuifanya vizuri.

Jumamosi nilimpeleka mama kuangaliwa bega. Kulikuwa na manyunyu, usukani nimeushika mimi. Nilishuka Busunzu taratibu, bodaboda zikinipita, moja ikinipigia honi ya dharau. Nilipofika kwenye ile kona nikamtazama mama kwenye kioo. Alikuwa amelala, mdomo wazi.

Kwa hiyo ufunguo ninao mimi, na sitautoa. Njoo Krismasi, kaka, ila panda basi. Ukitaka kuja nasi kanisani, nafasi ipo, kiti cha nyuma, upakate kapu.

Ni mimi mdogo wako, yule mpiga kelele.