Tantine, Honfleur Nilifika Bila Wewe

Tantine Josée,

Nimechelewa kukuandikia. Tangu tukuzike, kila Jumapili nikitoka kanisani nasema leo nitaandika, halafu Gracia ananivuta nguo, uji unaungua, siku inaisha. Leo amelala mapema. Nimekaa kwenye kiti chako cha dirishani, hapa hapa Albert Park, Durban. Chini madereva wa taxi wanagombana, lakini humu ndani iko kimya mpaka nasikia friji.

Nilikwenda Ufaransa. Ndiyo, mimi, na Gracia mgongoni. Binti yako Solange alinitumia mwaliko toka huko. Mara ya kwanza viza wakaninyima, mara ya pili wakanipa. Aliniambia kwa simu, "Mama alikuwa aje kuiona ile miji na mimi. Wewe uliishi naye. Njoo tuione, unihadithie."

Unakumbuka nilipokuwa naanza kusuka, nilivyopoteza hesabu ya mistari? Kichwa cha mteja upande huu mitatu, upande ule minne. Ukasema masista wa Bukavu waliwakaririsha shuleni miji ya pwani ya Ufaransa toka juu mpaka chini, na kwa kuwa ilikuwa imekaa bure kichwani mwako, bora ifanye kazi. Sikio la kushoto Dunkerque. Halafu Dieppe, Honfleur, Saint-Malo katikati ya paji la uso, La Rochelle, Royan, na sikio la kulia Biarritz. Ulikuwa unaniuliza toka kiti cha pili, "Umefika wapi?" Nasema, "Honfleur, Tantine." Unasema, "Kaza Honfleur, imelegea." Mpaka yule mama wa Kizulu wa Cato Manor akawa akiingia salon anasema leo Saint-Malo yake tusiipindishe.

Basi asubuhi ya kwanza kwenye gari ya Solange nikampangia safari. Nikasema Honfleur tupite haraka, mchana tule Saint-Malo, jioni tulale Biarritz. Akaniangalia. "Nani alikuambia ni karibu?" Nikamwonyesha kichwani kwangu: toka Honfleur mpaka Saint-Malo, kidole kimoja. Alicheka mpaka akazima gari. Halafu akashika usukani tena. Akasema, "Hiyo hesabu mimi hakunifundisha."

Hilo sikuwahi kulifikiria, Tantine. Ulimwacha kwa bibi yake ana miaka tisa. Vitu vyote vya kumfundisha mtoto wako wa kike ulikuja kunipa mimi.

Honfleur ni mzuri kuliko ulivyosema. Maji ya bahari yameingia mpaka katikati ya mji, yamekaa pale kama kidimbwi cha mraba, na nyumba zimeyazunguka, ndefu, nyembamba, zimebanana, nyingine zimevalishwa mawe meusi mpaka chini. Kanisa ni la mbao tupu. Solange alisoma kwenye kibao kwamba waliolijenga walikuwa mafundi wa meli, na kweli ukitazama juu, dari ni kama tumbo la mtumbwi uliopinduliwa. Niliimba kidogo pale, ile sauti yako ya pili ya kwaya. Wazungu wawili wakageuka. Gracia akapiga makofi.

Kila mahali Solange alinipiga picha, na kila picha alisema, "Sogea kidogo." Sikujua kwa nini. Baadaye niliziangalia kwenye simu: pembeni yangu, kila picha, iko nafasi ya mtu mmoja.

Ile nafasi ilinichoma kwa sababu ya siri yetu. Solange aliamini ulianza kuumwa wiki moja kabla ya kufa. Wewe ndiye ulinikataza. "Ukimwambia ataacha kazi aje kulia hapa, na safari yangu itakufa. Nyamaza, Mapendo." Nikanyamaza miezi mitano. Akipiga video nakuinua, nakufunga kitambaa, nakupaka mafuta midomoni, halafu nashika simu juu kidogo ili kitanda cha hospitali kisionekane. Anakuonyesha vyumba vya hoteli. "Mama, hiki au hiki?" Unamjibu, "Kile chenye dirisha la bahari."

Nilienda Ufaransa na hofu hiyo moja. Wangu walibaki Uvira, wengine sijui hata kama wako hai. Baba Gracia unamjua mwenyewe. Nikimwambia Solange kweli akanichukia, sina ndugu tena. Nisipomwambia, nitakuwa nakula chakula chake na kumdanganya.

Siku ya pili tulikuwa Saint-Malo. Mji wa zamani wote uko ndani ya ukuta wa mawe, na unatembea juu ya ukuta kama barabarani, huku bahari, huku mabomba ya moshi ya nyumba za watu. Vita vilibomoa karibu zote, wakazijenga tena zifanane na zile za kwanza. Huwezi kujua. Mvua ikatufukuza tukarudi chumbani. Solange akavua kilemba, nikaona nywele hakuzigusa tangu msiba. "Nisuke kama Mama." Akakaa chini katikati ya magoti yangu. Nikaanza sikio la kushoto, nahesabu kwa sauti, naye anarudia kama mtoto wa shule. Nilipofika katikati aliniuliza bila kugeuka, "Niambie kweli. Alianza kuumwa lini?"

Mkono ulisimama. Tantine, nilimwambia. Miezi mitano, kitanda, simu juu kidogo, yote.

Hakulia. Aliinuka, akavaa kofia juu ya kichwa kilichosukwa nusu. Mlangoni akasema, "Mimi nilikuwa nachagua madirisha, Mapendo." Akaondoka.

Nilingoja, halafu nikamfunga Gracia mgongoni nikatoka. Mvua ilikuwa imekatika. Bahari ilikuwa imerudi nyuma mbali sana, na watu wanatembea juu ya mchanga mahali palipokuwa na maji asubuhi. Kila mtu na mtu wake. Eish, Tantine, hapa Durban hata nikiwa na huzuni, nikimsalimu mtu sawubona ananijibu. Kule nilikaa juu ya jiwe, sikuwa na wa kumwambia hata kwamba mtoto ana njaa. Nikawa nakuita kwa sauti ndogo. Nilikukasirikia pia, bora nikuambie.

Jioni nilirudi. Alikuwa amekaa chini palepale, kofia mkononi. "Maliza," akasema.

Nikasuka, hakuna aliyehesabu. Mstari wa mwisho ndipo alipozungumza. Alisema siku ulipoondoka Bukavu ulimwamsha, ukamwambia asimwambie bibi umekwenda wapi, mpaka ufike mbali. Alinyamaza siku mbili. Bibi alimpiga, hakusema. "Nilikuwa na miaka tisa," akasema. "Mama alijua kuchagua watu wa kumbebea siri." Akashika kifundo cha mguu wangu. "Sasa tuko wawili. Lakini kati ya mimi na wewe, siri hapana. Ukiumwa, mtoto akiumwa, unanipigia siku ile ile. Usinipangie lini nilie."

Nikasema ndiyo, dada. Mara yangu ya kwanza kumwita hivyo.

La Rochelle tuliona minara miwili mikubwa mlangoni mwa bandari. Zamani walikuwa wanavuta mnyororo katikati yake ili meli zisipite bila ruhusa. Solange alinisomea pia kwamba nyumba nyingi nzuri za pale zilijengwa na watu waliouza Waafrika. Tulizitazama kidogo, tukapita. Hiyo masista hawakuwaambia. Biarritz hatukufika, likizo yake iliisha.

Juzi Gracia aliamka na homa. Nikasema moyoni, Solange yuko kazini, nisimsumbue, nitamwambia akipona. Nikajisikia nasema kama wewe. Nikapiga. Akasema, "Ngoja nitoke nje," akakaa na mimi kwenye simu muda wote wa foleni ya kliniki. Ilikuwa meno tu.

Desemba anakuja. Nitamleta kaburini kwako, na akitaka kuona hospitali nitamwonyesha, na akiniuliza ulilia siku gani nitamwambia. Najua hutapenda.

Nimekusamehe, Tantine, na nyumba bado ni kubwa bila wewe. Pumzika. Kama iko siri nyingine uliyoniachia, niliisahau, au nitaisema. Mimi sibebi tena, na Gracia sitambebesha hata moja. Hiyo nakuahidi.

Wako,
Mapendo