Kifunguo cha Jenereta

Jumatatu, 3 Machi

Kidude kimefika! Vipande viwili vya plastiki, cha juu na cha chini, kama wanavyovaa mabondia. Daktari wa meno anasema kitavuta taya la chini mbele kidogo, koo lisizibe usingizini. Pembeni kuna skrubu na kifunguo kidogo cha kuizungusha – mara moja kila Jumapili, basi.

Mume wangu kakijaribu mbele ya kioo, akaniita mpenzi huku mate yanamtoka. Watoto ndio waliompa jina la Jenereta, kwa kukoroma kwake. Wamecheka mbavu hawana. Mimi pia. Lakini nina langu moyoni. Miaka sita namsikiliza: anakoroma, ananyamaza, nahesabu – kumi na tano, ishirini – namtikisa. Yeye hajui hata robo.

Jumanne, 4 Machi

Nimehesabu tena. Bado ananyamaza, ila si sana.

Msimamizi wa ghala hajamrudishia ufunguo wa foklifti, mashine ya kunyanyulia mizigo. Alimkuta kasinzia kwenye usukani, mzigo uko juu! Mpaka barua ya daktari itoke, anafagia. Miaka kumi na minane kwenye ile mashine, leo ufagio. Roho imeniuma.

Jumapili, 16 Machi

Nimezungusha skrubu akiwa bafuni. Mtu anayetafuta miwani aliyoivaa, nimwachie jambo la uhai wake? Anapumua vizuri zaidi. Ila nyama kaisogeza pembeni. Taya linauma, anasema.

Alhamisi, 20 Machi

Kidevu kinamtangulia mlangoni! Hata mkate hatafuni. Tumekimbilia kwa daktari. Binti wa watu kapima, kakunja uso, kauliza nani anazungusha.

Mimi – tukajibu wote wawili kwa pamoja.

Kumbe mwenzangu huzungusha kila Jumapili nikiwa jikoni, eti nisihangaike, nina mengi. Daktari kacheka mpaka kavua barakoa. Akairudisha skrubu nyuma, kifunguo akanikabidhi mimi. Mzee kanuna njia nzima. Nikamshika mkono. Hakuutoa.

Ijumaa, 4 Aprili

Vipimo vya usingizi safi! Barua imeandikwa, ina muhuri. Jumatatu anapanda foklifti yake. Nimemkumbatia palepale mapokezini, watu wanatazama. Nampenda huyu mtu, na kidevu chake.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimelala! Nimefumbua macho jua liko dirishani. Sikuhesabu chochote.

Mume wangu alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kidude kinywani, ananitazama. Macho mekundu. Nikamuuliza mbona hakulala. Akakitoa, akakifuta kwa fulana. Anasema nakoroma.

Mimi! Nikacheka. Nikamwambia asinisingizie, jenereta nyumba hii ni moja tu.

Hakucheka. Anasema nilikoroma, kisha nikanyamaza, naye akaanza kuhesabu. Alifika ishirini na mbili ndipo akanitikisa. Mara nne usiku huu. Miaka yote hiyo hakuwahi kunisikia – mimi nilikuwa macho, yeye ndiye alikuwa amelala.

Nikamwambia ni uchovu tu, alale, keshokutwa kazini. Hasikii. Ameshavaa viatu, ananitolea na vyangu uvunguni, tuwahi kabla kliniki haijafunga. Na ameshasema: nami nikipewa kidude, kifunguo changu atakishika yeye, peke yake, nisithubutu kukigusa hata kwa kidole.