Nyumba Niliyoijenga kwa Mdomo

Keroka, Jumanne, 7 Mei 2024

Mdogo wangu Maureen,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na hao wanao watatu. Kifua cha Kemunto kinaendeleaje? Mimi ni mzima, ni miguu tu imevimba kwa vile viatu virefu nilivyovaa kuja kwenye mazishi. Matope ya kwetu hayaheshimu mtu wa mjini.

Nakuandikia kama watu wa zamani kwa sababu simu yako ilifukiwa mlima ulipoporomoka, na kwa simu ya kaka yetu Haron siongei kitu. Nikikohoa tu anatangazia kijiji. Manasseh, konda wa gari la Kiogoro, atakuletea barua hii. Nimemwambia akiipoteza namfuta kazi. Hajui kama siwezi.

Nasikia watu bado wanaizungumza hotuba yangu. Nilipoona yale majeneza matano ya majirani waliofukiwa, halafu nikakuona wewe umesimama na gambuti za kuazima, nilishindwa kunyamaza. Nikachukua kipaza sauti: "Huyu msimhangaikie. Ana dada. Nitamjengea nyumba ya mawe, na nikitaka, ghorofa." Hata pasta alipiga makofi! Na mimi niliachia shule darasa la sita. Nimeishi Mombasa, nimebishana na Wahindi bei ya vitambaa. Kuongea mbele ya watu ni kazi ndogo kwangu.

Biashara ni nzuri. Hakuna lori la ndizi linaondoka Keroka bila mimi. Vumilia kidogo.

Dada yako mkubwa,
Nyakerario

Kiogoro, Jumatatu, 13 Mei 2024

Dada mpendwa,

Barua yako imefika, na watoto wanakusalimu. Kemunto bado anakohoa. Wengine ni wazima kwa sasa.

Nina neno gumu. Ijumaa kwenye baraza, Mzee Anyona, katibu wa kamati ya maafa, alisoma majina ya watu watakaohamishiwa nyumba za mabati kule tambarare. Langu sikulisikia. Nikaenda kumuuliza. Akafungua daftari, nikaona jina langu limepigwa mstari. Hakunikaripia. Alisema, "Mama, wewe una dada, tulimsikia sote. Acha tumsaidie asiye na mtu." Wajane wawili wa waliofukiwa walikuwa nyuma yangu kwenye foleni. Walinitazama kama mwizi.

Haron ameandikwa kama mwenye boma, na mimi nahesabiwa ndani ya boma lake. Lakini unajua nilivyorudi nyumbani na watoto, bila ng'ombe hata mmoja wa mahari kutolewa kwa ajili yangu, ni wapi niliwekwa. Shamba ni la wavulana. Mimi nilipewa ile pembe ya chini ya mteremko.

Sasa nyuma ya nyumba, katikati ya majani chai, ardhi imepasuka. Jumatano mkono wa Kemunto uliingia. Jana mguu wangu uliingia mpaka gotini. Mlango haufungi tena, fremu imepinda. Watoto wanalala na viatu.

Tupokee, dada. Wiki mbili tu. Nyumba yako ina vyumba vitatu. Sisi tutalala jikoni.

Mdogo wako,
Maureen

Keroka, Jumatano, 15 Mei 2024

Maureen wangu,

Salamu, na pole. Mimi niko imara kama kawaida.

Wewe tangu utotoni ni mwoga, ulikuwa unamkimbia hata jogoo wa mama. Huo mlima ulikuwepo kabla ya babu yetu. Ni mlima unajikuna tu.

Kuja kwangu, karibuni sana, lakini mmekosea siku. Nyumba inapakwa rangi, mafundi wamejaa mpaka sebuleni, na harufu hiyo itammaliza Kemunto. Rangi ikikauka nitakuja kuwachukua mwenyewe, na gari la kukodi. Kwa sasa pokea unga na blanketi alizobeba Manasseh.

Ya Anyona niachie. Kuna mtu mkubwa Kisii mjini, tunajuana, nitamnong'oneza. Wewe usiende huko kusema maneno tofauti na yangu. Utaniaibisha.

Dada yako,
Nyakerario

Kiogoro, Jumatatu, 20 Mei 2024

Dada,

Salamu. Unga umefika, asante.

Maji yametokea katikati ya nyumba. Hayakuingia kwa mlango, yametoka sakafuni, ya rangi ya chai. Nayafagia asubuhi, nikirudi kutoka kibarua cha kuchuma majani nayakuta tena. Kuku hawaingii ndani, wanalala juu ya ua. Kila alasiri mvua ikianza nasikia kitu kinanguruma chini, kama lori limewashwa lakini haliondoki. Nilimwomba Haron kona ya sebule yake. Mkewe alisema twende kwa tajiri.

Kemunto aliniuliza kama shangazi wa Keroka — ndivyo anavyokuita siku hizi, hasemi tena mama mkubwa — anatupenda. Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza mbona rangi haikauki.

Ninaogopa, Nyakerario. Sijui nikuandikie nini kingine.

Mdogo wako,
Maureen

Keroka, Jumanne, 21 Mei 2024

Maureen,

Hakuna rangi. Hakuna nyumba ya vyumba vitatu.

Nina chumba kimoja nyuma ya kinu cha posho. Unga unapita kwa ukuta, nikiamka nina mvi. Ni kweli lori haliondoki bila mimi, maana mimi ndiye ninayebeba mikungu mgongoni kuipandisha. Zile zilizoiva mno naziuza kwenye beseni pale steji ya magari. Viatu nilivyovaa mazishini ni vya Batuli mwenye duka. Mimi namfagilia baraza, yeye ananiachia chai. Mombasa nilikaa miezi mitatu, nikifua nguo za watu.

Hakuna mtu mkubwa Kisii. Kuna askari mmoja anayenifukuza steji, huyo ndiye tunajuana.

Sikutaka kukudhuru. Nilipokuona katika yale matope nilitamani sana iwe kweli, na maneno yakatoka kabla yangu. Halafu nikaogopa watoto wako wafike hapa, waone beseni. Kwa ajili ya beseni nimewaacha chini ya mlima.

Toka leo. Usingoje mshahara wa majani, usimngoje Haron. Acha kitanda, acha kuku. Chukua watoto uje kwa gari la Manasseh, nimeshaongea naye. Tutalala kama ndizi katika mkungu, lakini tutalala.

Nyakerario

Keroka, Ijumaa, 24 Mei 2024

Maureen,

Mvua imepiga siku mbili. Manasseh anasema alimpa mtoto wako barua Jumatano asubuhi, na tangu siku hiyo barabara imefungwa kwa matope, magari yanageuzia njiani. Simu ya Haron haishiki. Hapa steji mtu mmoja anasema mlima umeteremka, mwingine anasema ni upande mwingine, na mimi namuuliza kila anayeshuka gari mpaka wameanza kunikwepa. Namtuma mwendesha boda na karatasi hii afike atakapofika, avuke kwa miguu.

Kama umenikasirikia, kasirika. Lakini nijibu. Andika neno moja tu.

Dada yako

Kiogoro, Jumapili, 26 Mei 2024

Dada,

Tuko hai, wote wanne.

Barua ilinikuta na kikapu mgongoni, naenda kuchuma. Nilitaka nimalize siku kwanza. Kemunto ndiye aliyeisoma kwa sauti, na alipofika pale pa kuacha kuku akaanza kumvalisha mdogo wake sweta bila kuniuliza. Tulitoka na sufuria moja na vitabu vyao. Tulikuwa bado tuko darajani tukingoja gari la Manasseh, saa tisa alasiri, niliposikia lile lori likiondoka. Nikageuka. Nyumba ilikaa chini polepole kama mama aliyechoka, halafu sikuiona tena. Ya Haron imesimama.

Tuko kanisani. Waliomo kwenye daftari wamepewa magodoro ndani. Sisi tuko nje kibarazani, upepo unampiga Kemunto kifuani. Nilimwonyesha Mzee Anyona barua yako. Aliisoma mpaka mwisho, akaikunja vizuri. Akasema neno lililotolewa mbele ya watu matangani halifutwi na karatasi. Aliyelisema aje alirudishe mbele ya watu wale wale. Baraza ni Jumanne.

Chumba chako sikionei aibu. Tutakuja. Lakini njoo kwanza.

Mdogo wako,
Maureen

Keroka, Jumatatu, 27 Mei 2024

Mdogo wangu,

Nimelia kwenye beseni mpaka wateja wakahama. Asante Mungu. Mbusu yule mtoto.

Nitakuja kesho. Barabara isipofunguka nitatembea, miguu ninayo. Wakiliandika jina lako, mtapata mabati. Wasipoliandika, jioni ile ile mnakuja nami, chumba nimeshakifagia na Batuli ametoa godoro.

Nakuambia ukweli, natetemeka. Kuwadanganya watu mia tatu sikuwahi kuogopa. Tangu jana najaribu kusema peke yangu, "Mimi ni mchukuzi wa ndizi, sina nyumba," na kila nikifika katikati naongeza chumba kimoja. Mkewe Haron atakuwepo. Pasta atakuwepo.

Usikae nyuma na watoto. Simama karibu nami, ushike nguo yangu kwa nyuma. Ukiona nimeanza kujenga tena, vuta.

Dada yako,
Nyakerario