Kumbukumbu ya Sajini Musyimi Mulinge: Kipande cha Mtaro cha Nyamai

Mwaka umetimia, Baba Mutindi, tangu siku ile jeneza lako lilipogusa udongo wa langoni kabla ya kufika kaburini. Waliokuja kukuzika bado wanaizungumzia siku hiyo sokoni Makindu, na wengi wanaizungumzia vibaya. Leo sisi wa nyumbani kwako tunataka kukuambia yaliyofuata, nao wasikie. Uliondoka na swali moja mdomoni: "Nyamai amekula?" Hatukuwahi kukujibu.

Hukuwa mtu wa maneno mengi. Ulipostaafu jeshini wenzako walifungua maduka, na wewe ukarudi kwenye shamba la mteremko ambalo kila mvua ilikuwa inalipunguza. Siku ya soko ulikuwa unashuka Makindu na mimi mkeo. Mimi nikinunua mboga, wewe ulizunguka nyuma ya maduka, kwenye veranda, ukiangalia wanaume waliolala hapo. Uliwajua askari wa zamani hata wakiwa wamejifunika gunia. "Huyu amelaza mgongo ukutani na uso barabarani," ulikuwa unaniambia. "Huyu ni wetu."

Hukuwapa pesa, na watu walikusema kwa hilo. Hukuwapa hata chakula. "Chakula wanapata kwa Masingasinga pale hekaluni, Mungu awabariki wale watu," ulisema. "Wanachokosa ni mtu wa kuwahitaji."

Nakumbuka ulivyompata Nyamai, koplo uliyekuwa naye Somalia. Uliketi chini kando yake na suruali yako safi, mimi nimesimama na kikapu.

"Koplo, nina shida," ukamwambia. "Jumanne majirani wa mwethya wanakuja kwangu kuchimba mitaro ya kuzuia maji. Nimepungukiwa na mtu mmoja."

Nyamai alicheka bila kuinuka. "Sajini, mimi sina hata viatu."

"Nimekuuliza viatu?"

"Ninanuka."

"Ikifika saa nne tutakuwa tunanuka wote."

Alikuja. Alikuja kwa miguu, asubuhi, akasimama mbali na watu. Ukachukua ile fimbo yako ya mkaratusi ukampimia kipande chake, kama ulivyowapimia majirani wote, ukapigilia kigingi hapa na kigingi pale. Niliona alivyokonda, nikakunong'oneza umpunguzie kidogo. Ukanijibu bila kugeuka, "Usimpunguzie hata shubiri. Ukimpunguzia, umemrudisha kwa veranda."

Wengine walimaliza, yeye hajafika nusu. Lakini kwetu mtaro wa mwethya hauachwi wazi, na sufuria haifunuliwi mpaka vipande viungane. Kwa hiyo watu wote walikaa chini wakamngojea, na njaa yao. Katunge, jirani yetu, akaanza kumtania: "Koplo, unachimba kama unazika mtu! Chimba kama unapanda!" Wanawake wakacheka. Nyamai akainua kichwa, naye akacheka, na kipande kikaisha. Akala isyo, mahindi na maharage, kwenye sufuria moja na sisi. Hakuna aliyemuuliza alilala wapi jana.

Ndivyo alivyobaki, na baada yake wakaja wengine, mpaka wakawa sita katika vile vyumba mlivyovijenga wenyewe nyuma ya ghala. Nyamai ulimpa koti lako la kahawia la kanisani. Alilikunja kila Jumapili jioni kijeshi, mikono ndani, kola juu. Lakini alikuwa anaogopa. Siku moja, tukila, alikwambia mbele yangu, "Sajini, mimi nikianguka tena, usinitafute. Sitaweza kuinuka mara ya pili."

Ukamjibu, "Nitakutafuta."

Kifua kilipokuchukua, Baba Mutindi, ahadi hiyo ilibaki ndani ya nyumba hii, na hakuna mtu mwingine wa kuitimiza.

Siku ya mazishi wale sita walikubeba. Wewe mwenyewe ndiwe uliyetaka hivyo, na ndugu yako Ndululu alikubali kwa shingo upande, maana alitaka ubebwe na watu wa ukoo. Walikuwa wamenyoa. Walitembea kwa hatua moja, Nyamai mbele upande wa kushoto, na koti lako mwilini.

Unajua vile vijana wa bodaboda walivyokupenda. Walikusanyika sokoni, wakakufuata mpaka nyumbani, na tulipofika langoni wakakupa heshima yao kama wanavyompa kila mtu wanayemlilia. Waliungurumisha injini zote pamoja, kisha wakaanza kuzima na kuwasha swichi mpaka ekzosi zikalipuka.

Wewe unajua mlio huo ulikuwa kama nini. Mimi sijawahi kufika Somalia, lakini nilimwona Nyamai usoni na nikajua hayuko tena Makueni.

"Laleni chini!" akapiga kelele. "Chini!"

Na wote sita wakalala chini. Jeneza likaanguka nao. Watu wakapiga mayowe, na katikati ya mayowe hayo nikaona kitu ambacho wengi hawakukiona. Nyamai hakukimbia. Alitambaa akapanda juu ya jeneza, akalifunika kwa mwili wake na kuficha kichwa, akakukinga.

Wakasema amelewa. Wengine walicheka. Ndululu alikuwa analia, na kwa uchungu wake akamshika Nyamai kola akamvuta kutoka juu yako. "Toka hapa, mlevi wewe! Umemwaibisha ndugu yangu mbele ya watu!" Nilipofika karibu, Nyamai alikuwa amesimama anaangalia ule udongo kwenye mbao zako. Akavua koti. Akalikunja, mikono ndani, kola juu, akaliweka juu ya nguzo ya lango. Kisha akaondoka kwa njia ya barabara kuu, na mimi sikuweza kumfuata kwa sababu nilikuwa sijakuzika.

Basi tukaanza kutafuta. Mutindi wetu alipanga likizo yake yote kwa ajili ya hilo. Tulizunguka Makindu, Kibwezi, Emali, tukauliza kwenye maegesho ya malori na nyuma ya hoteli. Wote tulikwenda, tukamkosa. Wale watano waliobaki walikuwa wanaendelea kulisha mbuzi na kufagia, lakini nilianza kuwaona jioni wamesimama wanaangalia barabara. Mmoja aliniambia wazi, "Mama, kama Nyamai ameshindwa, sisi ni nani?" Nikajua kwamba tukimpoteza mmoja, kazi yako yote itamfuata.

Mutie, mwenyekiti wa bodaboda, alikuja akaketi jikoni, kofia ya pikipiki mapajani.

"Mwaitu, sisi tulikuwa tunampa mzee heshima."

"Najua, mwanangu."

"Sasa tumeua mtu?"

"Bado," nikamwambia. Tangu siku hiyo hakumpeleka abiria popote bila kuangalia veranda za huko.

Kisha simu ikaja kwamba mwanaume amegongwa na lori usiku huko barabara ya Mombasa, hana kitambulisho, mrefu, mwembamba. Mutindi alinishika mkono mpaka chumba cha maiti. Njia nzima nilikuwa naomba, na ombi langu lilikuwa fupi, Bwana, asiwe yeye. Wakafunua shuka. Hakuwa yeye. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, halafu nikamwona yule mtu aliyelala pale, na hakuna aliyekuwa amekuja kumlilia. Tukasimama pale Mutindi na mimi, tukamwombea kama wa kwetu.

Miezi ikapita hivyo. Kila simu ilipolia, nilikuwa naketi kwanza ndiyo niipokee.

Mwezi wa tisa tangu tukuzike akapiga Farouk, yule mnunuzi wa mbuzi uliyekuwa unabishana naye bei mpaka chai inapoa. "Mama Mutindi, asalaam. Mtu wako nimemwona huku Mutomo. Analala nyuma ya zizi la sokoni. Nimemsalimia, hakujibu, lakini ni yeye. Njoo haraka, afya yake si nzuri."

Mutie alinipeleka. Tulipokaribia soko akazima pikipiki mbali, akaisukuma kwa mkono, jasho likimtoka, mpaka ng'ambo ya zizi. Nyamai alikuwa amelaza mgongo ukutani na uso barabarani. Nikaketi chini kando yake, kwenye mavi ya mbuzi.

Hakunitazama. "Mama, nilimwangusha."

"Ulimfunika."

"Watu waliona nimelewa."

"Mimi nilikuwa hapo. Niliona."

Kisha akasema, "Lango lile siwezi kulipita tena. Usiniombe."

Nilikuwa nimekuja na machozi na maombi tayari, Baba Mutindi. Lakini nikakumbuka suruali yako safi kwenye veranda, na nikameza machozi.

"Sikuombi," nikamwambia. "Nina shida. Jumanne mwethya unakuja kwangu. Mtaro wa chini umebomoka na mvua iko karibu. Nimepungukiwa na mtu mmoja. Kipande chako kitakuwa kimepimwa."

Nikainuka nikaondoka. Mutie alinifokea njia nzima. "Mwaitu, tumemtafuta karibu mwaka, halafu unamwacha pale? Tungembeba!" Nikamwambia hata wewe, Baba Mutindi, hukumbeba mtu yeyote.

Jumanne watu walikuja. Nilichukua fimbo yako ya mkaratusi nikapima mimi, hapa kigingi, pale kigingi, na kipande cha Nyamai kikawa katikati, pale mteremko ulipo mkali. Tukachimba. Vipande vikaungana huku na huku, na katikati pakabaki pengo.

Tukangoja. Sufuria ilikuwa imefunikwa. Upande wa Chyulu mawingu yalikuwa yameanza kuwa meusi.

Ndululu akashika jembe. "Shemeji, wacha tumalize. Hiyo mvua ikija na hapo pako wazi, maji yote yatapita hapo hapo, yatabomoa mtaro mzima na kazi ya watu."

"Ni ya Nyamai."

"Nyamai yuko Mutomo na mbuzi!"

"Shemeji, rudisha jembe."

Aliniangalia kana kwamba nimepoteza akili. Watu walianza kunung'unika, na walikuwa na haki, kwa sababu waliacha mashamba yao kwa ajili yangu. Katunge pekee hakunung'unika. Wale watano wako walisimama kando wakiangalia barabara, na sasa nilijua wanangoja nini. Jua likateremka. Tone la kwanza likaniangukia mkononi. Nikafumba macho nikaomba, nikiogopa kwamba mimi ndiye ninayeharibu kila ulichojenga.

Nilisikia Katunge kabla ya kufumbua macho.

"Ehe! Koplo! Njaa inatuua na wewe unatembea kama bwana harusi!"

Hakupita langoni. Alikuja kwa chini, kwenye korongo, akapenya ua wa miiba, akiwa mwembamba, bila viatu. Hakusalimia mtu. Alitafuta kigingi chake cha kwanza, akakiona, akauliza jembe liko wapi.

Ndululu ndiye aliyekuwa nalo. Walitazamana. Ndululu akampa jembe, kisha akateremka mtaroni mwenyewe, akaanza kuutupa udongo juu kwa mikono. Mutie akaingia, wale watano wakaingia. Nyamai alichimba, wao wakautoa udongo, na hakuna aliyemgusia kipande chake kwa jembe. Mvua ilipokuja kwa nguvu, mtaro ulikuwa umeungana. Tulisimama tumelowa tukaangalia maji yakija kutoka juu, yakafika, yakatulia.

Akala isyo, Baba Mutindi. Sahani mbili. Hilo ndilo jibu lako.

Ndululu aliniambia niandike hata alichomfanyia Nyamai langoni, na niandike jina lake. Mwalimu Yvonne wa darasa letu la jioni, lile ulilonisukuma niende, amesema tangazo la kumbukumbu kama hili huwa fupi. Nimejaribu nimeshindwa.

Nyamai analala chumbani kwake sasa. Lakini mpaka jana alikuwa anaingia na kutoka kwa kule kwenye ua wa miiba. Langoni hakukanyaga. Koti lako tulikuwa tumelirudisha juu ya nguzo ile, limekunjwa kama alivyoliacha. Mutindi alilifunika na nailoni lisilowe. Hatukumwambia alivae. Tulimwambia tu kwamba Jumamosi saa tatu tutakuja kaburini kwako kutoka sokoni, kwamba Mutie na vijana wake wameapa kusukuma pikipiki zote kwa mkono, swichi zimezimwa, na kwamba msalaba mpya wa mti wa mukau unahitaji mtu wa mbele upande wa kushoto.

Alisema ataona.

Leo asubuhi nilipokwenda kukama mbuzi nilipita langoni. Nailoni ilikuwa hapo, imekunjwa vizuri. Koti halikuwepo. Na kwenye udongo laini, pale pale ulipoangukia, kulikuwa na nyayo za miguu mitupu, zikiingia ndani.

Tunamshukuru Mungu kwa ajili yako sisi tuliobaki: mimi mkeo Kathini, binti yako Mutindi, ndugu yako Ndululu na nyumba yake, Katunge na mwethya wote, rafiki yako Farouk wa Mutomo, Mutie na vijana wa bodaboda, na askari wako sita. Ni sita, Baba Mutindi.

Pumzika. Siku zote tutakukumbuka, na fimbo yako haitakaa bila kupima.