Kwa Babu wa Minara, Aliyepatikana kwa Sweta ya Mtoto

Mwaka umetimia, Babu, tangu ulipotutoka asubuhi ile, ukiwa umeketi kitandani na saa yako mkononi. Ulikuwa umemaliza kuitia ufunguo ila hukuwahi kuivaa. Bibi anasema hapo hapana pa kulalamika, kwa sababu saa ilikuwa sahihi.

Familia imekaa, imejadiliana, imenuniana, na mwishowe imeamua kwamba maneno haya yaandikwe na mjukuu wako aliyeko shule ya bweni, ili ionekane kule anafundishwa kitu. Tunakuandikia wewe. Majirani na marafiki wanaruhusiwa kusikiliza, kama walivyozoea kutusikiliza kupitia ukutani.

Wasiokujua tuwadokezee kidogo. Ulikuwa fundi wa minara ya redio inayoziongoza meli kuingia bandarini. Iko mitatu, kila mmoja juu ya kilima chake, na kazi yake ni kutangaza saa tu, kutwa kucha. Meli inaisikia yote, lakini sauti ya mnara wa mbali inachelewa kidogo kuliko ya mnara wa karibu, na kwa kupishana huko nahodha anajua alipo. Ulitufundisha hayo mezani kwa chupa ya maji, kopo la chumvi na kikombe cha Mjomba, ambacho kila mara kilimrudia chai ikiwa imepoa.

"Lakini Baba, siku hizi kuna setilaiti," Mjomba angekuambia, ameishika simu yake kama mtu aliyeshika cheti.

Hukuzichukia setilaiti. Ulisema ni mabinti wenye akili nyingi walioolewa mbali mno. Sauti yao ikifika huku chini imeshakuwa mlio wa mbu, na mwenye kikelele kidogo tu anaweza kuifunika. Mnara uko hapa hapa, na unabwata. Ulichotaka ni vyote viwili viwepo, ili kimoja kikinyamaza kingine kiseme. Mjomba alikuwa anaitikia kwa kichwa huku anatafuta kwenye simu hali ya hewa ya nje, na dirisha liko nyuma yake.

Minara isiyoafikiana saa ni minara ya uongo, ulisema, na kwa hiyo yetu ilikuwa nyumba pekee mtaani ambapo mgeni alikaguliwa saa mlangoni kabla ya kupewa kiti. Mtu mmoja wa familia hii, ambaye hapendi kutajwa na ambaye ana mwandiko mzuri, aliwahi kuisogeza mbele saa ya sebuleni siku ya kwanza ya likizo. Uliingia, ukasimama, ukanusa hewa kama mtu aliyehisi gesi inavuja. "Humu ndani," ulisema taratibu, "kuna mtu anaidanganya dunia." Chakula kilipoa mezani wakati unatuuliza mmoja mmoja, ukianza na Bibi.

Tena kwako "nipo hapa" halikuwa jibu. Ukitupigia simu kutuuliza tuko wapi, tulitakiwa kutaja vitu vitatu visivyohama, na umbali wa kila kimoja. Mama Mdogo alipochumbiwa, mchumba akaomba kuelekezwa nyumbani, ulimpa kinyozi, bomba la maji na nguzo ya umeme. Alifika. Wale waliomtangulia, ambao walipewa namba ya nyumba, hatujui waliishia wapi.

Na ulikuwa ukisema kwamba vipimo vitatu vya kweli havikutani kwenye nukta. Vinaacha pembetatu ndogo katikati, na unachokitafuta kimo humo. Anayekupa nukta, ulisema, ana kitu anataka kukuuzia.

Lakini tunachokikumbuka zaidi ni kwamba mtu akikuuliza njia hukumwelekeza. Ulimpeleka. Ulimshika mkono muuza mashuka, bibi kizee anayemtafuta mwanawe, mwanafunzi mgeni na sanduku lake, ukaenda nao hadi mlangoni, ukangoja mlango ufunguliwe. Bibi alikufunikia sahani, akakufunikia tena, na ukirudi ulikuwa umeshakula kwa watu.

Kwa hiyo utaielewa, Babu, aibu iliyotupata Jumamosi iliyopita. Tulikupoteza.

Tuanze kule hospitali, maana deni la ahadi lilianzia huko. Ulimshika Bibi mkono ukamwambia, "Mama, usikubali nipotee." Bibi akakujibu, "Nitakupoteza wapi, mzee wangu, na wewe siku hizi husogei?" Ulicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia kuna nini. Tangu ulipoondoka Bibi hakututaka kitu kingine ila jiwe lenye jina lako, likae juu yako wewe na si juu ya mtu mwingine, ili apate pa kuketi akakusimulia yanayoendelea.

Jumamosi basi tukafika makaburini na jiwe kwenye mkokoteni, mwashi aliyelichonga, familia nzima, na Fundi Antena, kijana wako wa kazi uliyemwachia minara pamoja na koti lako. Tukakuta uwanja umelala kama shuka iliyopigwa pasi. Mvua kubwa zilikuwa zimepita zikasawazisha matuta yote. Mlinzi wa makaburi, mtu mwangalifu sana, alipoona vibao vya majina vinaanza kuelea alivikusanya vyote, akavifuta matope na kuvipanga kibandani kwake kwa alfabeti, visije vikapotea.

"Viko salama vyote," alituambia kwa fahari. Cha kwako alikitoa mara moja. Kilikuwa kimepakwa hata rangi mpya.

"Na yeye mwenyewe?" Bibi aliuliza.

Mlinzi alitazama uwanja, akatazama kibao, na tukaona fahari inamshuka usoni polepole kama pazia.

Hapo Mjomba alisonga mbele. Alituambia tusihangaike, kwani siku ya mazishi alisimama kichwani pako na kuihifadhi sehemu kwenye simu. Tulimfuata kwa mstari, kwa heshima zote. Simu ilitutoa getini, ikatuvusha barabara, ikatuingiza gereji, na ikatangaza kwamba tumefika tukiwa mbele ya lori lililopandishwa kwenye jeki. Fundi wa gereji alichomoza kichwa chini ya lori, akatukuta tumeinamisha vichwa.

"Mnamtafuta nani?"

"Baba yetu," Mjomba alisema.

Yule fundi, Mungu ambariki, alirudi chini akaangalia vizuri. "Humu niko peke yangu," alisema.

Fundi Antena ndiye aliyetueleza, na hakumcheka Mjomba, jambo ambalo sisi wengine halikutuwezekania. Siku ile ya mazishi kulikuwa na lori limeegeshwa nje ya ukuta. Dereva wake alikuwa amechomeka kidude cha kuvuruga mawimbi ya setilaiti, ili tajiri yake asijue kwamba amelala badala ya kupeleka mzigo. Kidude kikafunika sauti za mbu za mtaa mzima. Hata meli mbili zilizokuwa zinaingia bandarini ziliona kwenye vioo vyao kwamba zimepanda mlimani. Minara yako ikazishika, kwa kuwa yenyewe inabwata, na zikaingia salama bila kugusa mwamba. Ndiyo maana wenzako wa kituoni walichelewa kukuzika, wakaja na viatu vya tope na hawakusema sababu. Hatukujua. Kuna shangazi mmoja wa mbali aliyewanunia mwaka mzima, na sasa anatafuta namna ya kuacha bila kuomba radhi.

Tukarudi makaburini. Mjomba aliiangalia simu yake kama mtu aliyesikia aliyosemwa na rafiki. Mwashi alituambia kwa upole kwamba saruji ameshaikoroga, nayo haijui habari za msiba. Ikigandia mkokotenini, jiwe litasimama lilipo, na kuanzia hapo tutakuwa tunamkumbukia Babu langoni.

Bibi aliketi juu ya ndoo aliyopewa na mlinzi, akafungua mkoba, akatoa lile bati la biskuti ambalo halijawahi kuwa na biskuti.

Unakumbuka, Babu, hukuwepo, yaani ulikuwepo ila hukuona: siku ya mazishi Bibi alipita katikati ya waombolezaji akiburuta sufu ya kufumia. Tulidhani majonzi yamemzidi. Mama Mdogo alimshika kiwiko akamwambia aje apumzike, na Bibi akamwambia aondoke kwenye uzi wake. Jumamosi ndipo alipotueleza. Alikuwa amekupima. Uzi mwekundu ulitoka getini hadi kichwani pako, kwa sababu geti ni jekundu. Wa buluu ulitoka kwenye bomba la maji. Wa njano ulitoka kwenye pembe ya ukuta, kwa sababu ilibaki rangi hiyo tu. Alikata kila mmoja ulipofika, akaviringa, akaweka kwenye bati.

"Sehemu tatu zisizohama," Bibi alisema. "Nimeishi na mtu yule miaka yote. Mlidhani nilikuwa simsikilizi?"

Akafungua kifuniko. Mlikuwa na vifungo.

Mama Mdogo akageuka, pole pole sana, akamtazama mtoto wa Mjomba aliyezaliwa baada yako, ambaye alikuwa mgongoni kwa mama yake, ananyonya kidole, amependeza. Sweta yake kifua na mgongo ni vyekundu. Mkono mmoja wa buluu. Mwingine wa njano, ule mfupi, ambao Mama Mdogo ametaniwa kwa ajili yake mwaka mzima kwamba alimpima mtoto amekunja kiwiko.

"Nilidhani ni mabaki, Mama," alisema kwa sauti ndogo. "Nilifuma hadi ulipoisha. Sikukata popote. Wa njano ndio ulikuwa hautoshi."

Bibi alimwangalia mtoto kuanzia juu hadi chini, kama nahodha anayekagua pwani.

"Mvueni," alisema.

Babu, familia yako imefanya mambo mengi hadharani, lakini haijawahi kufumua sweta makaburini huku mtoto anaipigania. Alifungwa ndani ya koti lako la kazi, Fundi Antena alilivua mwenyewe, na humo akanyamaza mara moja. Sufu ilitoka imejikunja kama nywele za aliyefumuliwa msuko. Mjomba alipewa ncha nyekundu akasimama getini, na alifurahi kupewa kazi isiyohitaji chaji. Mlinzi alikwenda na ya buluu bombani. Fundi wa gereji, ambaye alitufuata maana alisema hawezi kulala bila kujua mwisho wake, akaishika ya njano kwenye pembe ya ukuta. Wengine tukazileta ncha katikati, na Fundi Antena akatuimbisha: vuteni sawa, asizidishe mtu, asilegeze mtu, sote kwa pamoja.

"Hazikutani!" Mjomba alipaza sauti kutoka getini.

"Ndiyo zimekutana hivyo," Fundi Antena alimjibu, na sauti yake ikawa yako kabisa, tukageuka wote.

Zilipishana, zikaacha pembetatu ya ukubwa wa sinia katikati ya uwanja ule mtupu. Mwashi alipiga magoti akaanza kuukwangua udongo kwa mwiko, polepole. Bibi alisimama juu yake. Hakuna aliyemtania mtu. Mwiko uligonga kitu chembamba, ukalia, na mwashi akachomoa sindano ya kufumia imeota kutu, bado imefungwa mafundo matatu: jekundu, la buluu, la njano.

Ndiyo ile ambayo Bibi alituambia mwaka mzima kwamba imepotea. Alikuwa ameichomeka kichwani pako kwa mkono wake.

Aliifuta kwenye kanga yake. Akainama, akapapasa udongo pale ilipotoka, akasema, "Sikukupoteza, mzee. Nilikuambia." Kisha akaomba ile ndoo isogezwe karibu. Mwashi akaweka jiwe kabla saruji haijatuaibisha, na Bibi akaketi pembeni yako na kuanza kuifuma upya ile sweta kwa sindano yenye kutu, huku anakusimulia habari za shangazi yule wa mbali. Tulimwacha hapo. Tuliporudi kumchukua alikuwa amefika kwenye bega, na bado anasimulia.

Wanaopenda kukutembelea watafute geti, bomba na pembe ya ukuta. Uko ndani ya pembetatu. Sweta imerudi kwa mwenyewe, mkono wa njano ni mfupi vile vile kwa amri ya Bibi, na Mama Mdogo ameonywa kwamba mtoto akikua haitolewi kwa mtu.

Unakumbukwa na Bibi, mkeo, ambaye saa yako anaivaa yeye, na Mama, na Mama Mdogo, aliyesafishwa jina kuhusu ule mkono, na Mjomba, ambaye simu bado anayo lakini sasa anatembea na uzi mfukoni, na mkewe, na mtoto wao, ambaye hataki kulitoa koti lako, na Fundi Antena, anayelihitaji kazini, na minara mitatu, ambayo haijachelewa, na wajukuu wako wote, pamoja na yule asiyependa kutajwa, ambaye anakuarifu kwamba saa ya sebuleni iko sahihi na hajaigusa.

Hutasahaulika, Babu. Wala hutapotea.