Pambo Lililoziba Mdomo wa Gari la Biharusi

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa katika kituo cha polisi, Kisiwani Mombasa
Jumamosi, tarehe 24 Januari 2026, saa kumi na mbili na nusu jioni
Jina: Nanjala Wekesa. Umri: miaka 39. Kazi: dereva wa gari la kukodi. Makazi: Tudor, Mombasa.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Sikuitwa na mtu, nimekuja kwa hiari yangu. Nimekuja kwa sababu ya fundi Kamaludin Athmani, ambaye sasa hivi amewekwa ndani kwa madai ya kuharibu mali na kumvunjia heshima biharusi. Nilikuwapo tangu mwanzo hadi mwisho. Afande Chirau ameniambia nieleze kwa utaratibu na nisitie chumvi. Chumvi sina. Shukrani ninayo tele, na hiyo sitaificha.

Kampuni ninayoifanyia kazi hukodisha magari ya umeme. Kwa kazi ya leo familia iliomba dereva mwanamke, kwa sababu biharusi alikuwa amekwisha kupambwa na haifai aonekane na wanaume wa nje. Arusi za Mji wa Kale nimezibeba nyingi na masharti nayajua: vioo havishushwi, vitambaa vya madirishani havifunuliwi, na dereva hageukigeuki nyuma kama kuku mgeni.

Mnamo saa nane mchana kaka yake biharusi, Bwana Riyadh, alilipamba gari nje ya nyumba yao. Yeye ana duka la vitambaa na magari yote ya arusi za ukoo wao huyapamba yeye. Alitandaza nailoni nyeupe kutoka kwenye boneti hadi chini ya bampa, akaibandika selotepu pande zote, kisha akapanga maua juu yake. Kwa kupendeza, lilipendeza, siwezi kusema uongo. Nikamuuliza, "Huku mbele kote kunazibwa?" Akacheka. Akasema, "Dada, gari hili halina injini. Litahitaji hewa ya nini?" Nikaona maneno yake yana maana. Gari lenyewe likiwaka hata halisikiki.

Saa tisa na nusu nilimchukua biharusi kwa mpambaji wake, humo humo Mji wa Kale. Jina la biharusi ni Batuli. Alikuwa na shangazi yake, Bi Mwanasha, mtu mzima. Nguo ya biharusi ilikuwa nzito, imejaa nakshi za dhahabu, na juu yake amefunikwa baibui na mtandio. Nilimsikia akimwambia shangazi yake kwamba tangu asubuhi hajatia kitu kinywani isipokuwa chai. Bi Mwanasha alitundika leso kwenye vioo vyote vya nyuma. Niliwasha eisi, ikatoa baridi safi. Tulikuwa twaenda ukumbini, Tononoka.

Tulipoingia barabara ya Ndia Kuu tukakuta tuktuk mbili zimekwaruzana na madereva wake wako barabarani wanaulizana nani kipofu. Hapakuwa na pa kupita. Bwana Riyadh, aliyekuwa akitufuata kwa pikipiki, alitangulia mbele kwenda kufungua njia. Nikasimama na eisi inafanya kazi. Baada ya muda hewa ikaanza kuwa vuguvugu, kisha ikawa moto kabisa. Kwenye kioo cha dashibodi likatokea onyo kwamba betri imepata joto. Foleni iliposogea nikakanyaga, gari likajikokota tu.

Nilipiga simu ofisini. Nikaambiwa gesi ya eisi imekwisha, nijikaze nifike. Nijikaze. Aliyeniambia hivyo amekaa chini ya feni. Nikamwomba Bi Mwanasha nishushe vioo kidogo. Akasema, "Usithubutu, mwanangu. Huoni watu walivyojaa?" Kweli walikuwa wamejaa, maana gari la biharusi likisimama kila mtu hupata shughuli karibu yake. Nikamsikia akimwambia Batuli avumilie, ni safari fupi. Batuli akajibu, "Nimevumilia, shangazi. Pumzi ndiyo siipati."

Hapo ndipo alipokuja Kamaludin. Simjui, sikuwa nimemwona kabla ya leo. Ana karakana ya kutengeneza friji na eisi za magari hatua chache kutoka pale tulipokwama. Aliona pambo, akaona leso, akajua ndani kuna nani. Hakusogea dirishani. Alisimama karibu na mlango wangu, akaligeuzia gari mgongo na uso akauelekeza ukutani. Akatoa salamu, Bi Mwanasha akaitikia. Akasema, "Dada, mimi sitaingiza kichwa humo. Wewe utakuwa mikono yangu. Niambie kila nitakachokuuliza."

Aliniuliza kama upepo unatoka kwenye tundu za ndani. Nikasema unatoka kwa nguvu, ila ni wa moto. Akasema basi feni ya ndani ni nzima. Akasema huenda ni gesi, kama walivyosema ofisini. Kisha akaniambia nizime eisi, nisubiri, niiwashe tena. Akatega sikio juu ya boneti. Tukasikia mtambo unavuma kidogo, unakata. Unavuma tena, unakata. Akatikisa kichwa. "Ngoja, gesi ipo. Mtambo wataka kufanya kazi, kuna kitu chaukataza." Akazunguka mbele, akaweka kiganja juu ya maua. Akaniita nitazame. Ile nailoni ilikuwa imenyonywa ndani, imegandamana na mdomo wa gari.

Alinieleza kwa maneno haya: "Eisi huchota joto la ndani ikalitupa hapa mbele. Hapa mmepaziba. Joto halina pa kwenda, mtambo wajizima usije ukaungua. Na gari la umeme, betri nayo hupozwa na mtambo huo huo. Ndiyo maana gari limelegea." Nikamwambia nailoni ameiweka kaka yake biharusi, aliyeko huko mbele, lakini basi aitoe. Akakataa. Akasema pambo lina mwenyewe, na mwenyewe hayuko mbali, tumngoje. Afande, hilo naomba liandikwe kama lilivyo. Mtu aliyekuja kuharibu mali hangoji ruhusa.

Hatukungoja sana. Bi Mwanasha alipaza sauti akisema Batuli haitiki. Niligeuka. Kichwa kilikuwa kimeangukia kifua na mkono wake umelegea. Mimi nilipigwa na bumbuazi, nakiri. Kamaludin alisema, "Fungua milango yote." Kisha akawaita wanawake waliokuwa wakipita, "Kina mama, leso zenu, zungukeni hapa." Wakaja kama sita, wakatanda ukuta wa leso kuzunguka mlango wa nyuma. Ndipo akaufungua yeye mwenyewe kwa mkono mmoja, uso ameugeuza upande wa pili, akaondoka hapo akaenda mbele. Akatoa kisu chake cha kazi, akaikata nailoni kutoka upande hadi upande. Maua yote yakaanguka chini. Hakumgusa biharusi. Hakumtazama. Kisu kilikuwa mkononi, ni kweli, lakini mgongo wake ulikuwa kwa Batuli muda wote.

Bi Mwanasha alimfungua mtandio akampangusa kwa leso ya maji. Mimi nilishika usukani na kusali kwa lugha ya mama yangu, jambo ambalo silifanyi mara nyingi. Mtambo ulivuma, na safari hii haukukata. Baridi ikaanza kuja. Tukafunga milango. Baada ya dakika chache Batuli alifumbua macho akaomba maji. Nililia, afande, na sioni haya.

Bwana Riyadh alirudi wakati huo. Alichokiona ni mwanamume ana kisu, pambo liko chini, na watu wananong'ona kwamba biharusi amefunuliwa barabarani. Simlaumu kwa hasira ya kwanza. Alimkamata shati akapiga kelele, na askari waliokuwa doria upande wa Ngome ya Yesu wakaja. Kamaludin hakujitetea. Alisema tu, "Mpelekeni dada yenu kwenye baridi kwanza." Kuhusu nailoni hakutamka neno.

Batuli alikataa kwenda ukumbini kabla ya kupita hapa kituoni, kwa hiyo nikamleta pamoja na shangazi yake. Nilipofika nilimuuliza Kamaludin kwa nini amenyamaza. Akanijibu, "Leo ni arusi yao. Akijua ni pambo lake lililotaka kumuua dada yake, ataiona arusi hii vipi? Acha. Nitatoka." Yeye ameacha. Mimi siwezi. Kama si yeye, mimi ningefika Tononoka na maiti kwenye kiti cha nyuma, na ningeulizwa maisha yangu yote kwa nini sikushusha kioo. Bwana Riyadh akikasirika kwa niliyosema, na akasirike. Kamaludin Athmani namshukuru mbele ya serikali, na naomba shukrani hiyo iingie kwenye faili pamoja na mashtaka.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo. Nimesomewa, hakuna lililoongezwa, na natia sahihi kwa hiari yangu.

Sahihi: N. Wekesa

Maandishi ya afisa:
Maelezo haya nimeyaandika mimi, Konstebo Chirau. Mlalamishi, Bw. Riyadh, alisomewa.  Alisema, hata ikiwa ni hivyo, mlango ulifunguliwa na dada yake akaonekana na watu wa njiani. Wakati huo biharusi, aliyekuwa akingoja uani mwa kituo katika gari la shahidi pamoja na shangazi yake, aliingia. Alifunua uso mbele yangu na mbele ya mlalamishi. Alisema, "Kaka, hata sanda hufunika." 

Mlalamishi ameondoa malalamishi yake. Aliomba ruhusa akamfungulie Kamaludin mlango wa seli kwa mkono wake. Nimekataa, kanuni haziruhusu. Amemngojea kaunta, viatu alivyovuliwa Kamaludin vikiwa mikononi mwake.